Maswali Yenu: Enzaimu Inafanyaje Kazi, na Mnajuaje?

Toleo lililopita niliandika kwa kifupi kwamba vimeng'enya, au enzaimu kama wengi tulivyozoea kusema, ndo vinaendesha karibu kila mmenyuko wa kemikali ndani ya kiumbe hai, na toka hapo barua zimemiminika. Nimechagua zile zinazogusa kitu ninachokipenda kuliko vyote kwenye kazi hii, yaani mekanizimu: bondi ipi inavunjika kwanza, elektroni zinatoka wapi zinaenda wapi, nani anatoa protoni na nani anaipokea. Kuna maswali nimeyajibu kwa urefu, na mengine mistari michache tu imetosha.

SWALI: Shikamoo Daktari. Mi ni mwanafunzi wa sekondari. Darasani tunaambiwa enzaimu inaharakisha mmenyuko kwa kupunguza nishati amilishi, tunachora ule mchoro wenye mlima mrefu na mlima mfupi, tunapata maksi, basi imeisha. Ila mi nabaki najiuliza, inapunguza KWA KUFANYA NINI? Maana mchoro hausemi.

JIBU: Marahaba mwanangu. Usidhani umeuliza swali la kitoto, hilo limewasumbua wakubwa karne nzima, na uko sahihi kabisa, mchoro unakwambia matokeo tu, sababu haukupi.

Anza na hiki. Molekuli ikitaka kugeuka kuwa nyingine lazima ipite kwenye umbo la katikati ambalo si la mwanzo wala si la mwisho, bondi ya zamani imevutika mpaka inakaribia kukatika na bondi mpya ndo kwanza inaanza kushika. Umbo hilo tunaliita hali ya mpito. Halidumu hata kidogo, linakuwepo kwa muda wa mtikisiko mmoja wa bondi, kama 10⁻¹³ ya sekunde, huwezi kulikamata ukalihifadhi kwenye chupa. Na kulifikia kunahitaji nishati nyingi, ndo maana mimenyuko mingi inasuasua, molekuli nyingi hazina nguvu ya kufika pale juu.

Sasa, mwaka 1894 Emil Fischer wa Ujerumani alisema enzaimu na sabstreti, yaani ile molekuli inayofanyiwa kazi, vinaingiana kama kufuli na ufunguo. Wazo zuri sana, linaeleza kwanini enzaimu inaikubali sukari moja na kuikataa nyingine inayofanana nayo, lakini kasi halielezi. Hebu tafakari: kama enzaimu imeishika sabstreti vizuri kabisa jinsi ilivyo, basi sabstreti itatulia humo ndani, nishati yake itashuka, na kupanda mpaka hali ya mpito kutakuwa kurefu kuliko mwanzo! Enzaimu ya namna hiyo ingekuwa breki. J.B.S. Haldane aligusia jambo hili mwaka 1930 na Linus Pauling akaja kulisema waziwazi miaka ya 1940: kinachoshikwa kwa nguvu zote ni hali ya mpito, sabstreti inashikwa kiasi tu cha kuingia na kukaa mkao.

Kwahiyo jibu la "kwa kufanya nini" ni hili: enzaimu imepanga mapema, ndani ya shimo dogo tunaloliita sehemu tendaji, kila kitu ambacho hali ya mpito itakihitaji. Pale ambapo chaji hasi itajikusanya kwenye oksijeni, tayari kuna haidrojeni mbili zinaisubiri. Pale ambapo protoni itatakiwa, kuna asidi imekaa kwa umbali unaofaa kuitoa. Maji yasiyotakiwa yameshafukuzwa. Ndani ya maji ya kawaida molekuli zinazozunguka zingetakiwa zijigeuze na kujipanga upya kila mara, na kujipanga huko ndo gharama yenyewe, lakini kwenye enzaimu gharama hiyo ililipwa siku protini ilipojikunja.

Na usiogope ukubwa wa namba zinazokuja. Kwa nyuzi 25 za Selsiasi, kila ukipunguza kizingiti, yaani ile nishati amilishi, kwa kilojuli 5.7 kwa moli, kasi inazidishwa mara 10. Bondi moja ya haidrojeni iliyokaa mahali pazuri inaweza kukupa kiasi hicho. Ukipata punguzo kama hilo mara sita umeshafika mara milioni.

Mfano ninaoupenda ni kazi ya Richard Wolfenden wa Chuo Kikuu cha North Carolina. Mwaka 1995 yeye na Anna Radzicka walipima mmenyuko mmoja ambao kila seli inauhitaji ili kutengeneza herufi za RNA na DNA, ule wa kuondoa kabondayoksaidi kwenye molekuli iitwayo orotidini monofosfati. Bila enzaimu unaenda polepole mno huwezi kukaa maabara ukausubiri, kwahiyo walichukua molekuli ndogo inayofanana nayo, wakaifungia ndani ya mirija, wakaichemsha kwenye joto kali sana ambako mmenyuko unaonekana, alafu wakatumia mwelekeo wa namba zile kurudi chini mpaka joto la kawaida. Jibu: nusu ya molekuli zingemaliza baada ya miaka milioni 78. Ndani ya enzaimu yake nusu inamalizika kwa sekunde 0.018. Ni tofauti ya 10¹⁷. Nikisoma namba hizo huwa nasimama kwanza, kwasababu zina maana kwamba bila enzaimu hii seli zetu zisingekuwa na namna, joto la mwili haliwezi kabisa kufanya kazi hiyo.

Swali la mwisho ambalo bado hujaniuliza ila najua utaniuliza: ushahidi uko wapi kwamba enzaimu inashika hali ya mpito? Upo kwenye dawa. Kama wazo ni kweli, molekuli imara iliyotengenezwa ifanane na hali ya mpito inatakiwa ing'ang'anie kwenye enzaimu kuliko sabstreti yenyewe, na ndivyo ilivyotokea mara nyingi. Vern Schramm na wenzake New York walipima umbo la hali ya mpito la enzaimu moja inayochakata nyukliosidi za purini, yaani vipande vinavyotokana na DNA na RNA, wakashirikiana na wanakemia kutengeneza mfano wake usiovunjika, na mfano huo unang'ang'ania mno hata ukiwepo kwa kiasi kidogo sana. Dawa iliyotoka hapo, forodesini, ilipitishwa Japani mwaka 2017 kwa wagonjwa wa aina fulani ya limfoma ya seli T, yaani saratani ya kundi moja la chembe nyeupe za damu.

SWALI: Dokta, mi sio mtu wa maabara ila napenda kusoma haya mambo. Naona mnachora mishale ya kuonyesha elektroni zinahamia wapi, inapinda kutoka atomu hii kwenda ile kama vile mlikuwepo. Kama kitu kinaisha ndani ya muda usioweza hata kuhesabika, nani aliona? Si mnabuni tu ndugu yangu?

JIBU: Hatubuni ndugu yangu, lakini una haki yote ya kudai ushahidi na natamani wanafunzi wangu wote wangeuliza hivyo kabla hawajachora mshale hata mmoja.

Ni kweli hakuna aliyeona kwa macho. Mekanizimu inatafutwa kwa njia moja inayochosha na inayohitaji uaminifu mkubwa: unaandika njia zote unazoweza kuzifikiria ambazo mmenyuko ungeweza kupita, unajiuliza kila njia ingeacha alama gani, alafu unaenda kutafuta hizo alama na kufuta njia moja baada ya nyingine. Ile inayobaki ndo unaishikilia, mpaka atakapokuja mtu na kipimo kipya cha kuifuta nayo. Kwahiyo ukiona mshale kwenye kitabu, usome kama dai lililopona majaribio mengi. Kuna mishale imepona majaribio kuliko mingine, na kitabu mara nyingi hakikwambii ni ipi.

Alama ya kwanza ni kasi. Mwaka 1913 Leonor Michaelis na Maud Menten, daktari wa kutoka Kanada aliyesafiri mpaka Berlin kufanya kazi hii, walipima enzaimu inayovunja sukari ya kawaida na wakaonyesha kwamba kasi inapanda ukiongeza sukari alafu inafika mahali inagoma kupanda. Kugoma huko ndo alama yenyewe: enzaimu na sabstreti vinashikana kwanza, na kila enzaimu ikishakuwa na mzigo wake mkononi, kuongeza sukari hakusaidii tena. Hawakuona molekuli hata moja ila waliona lazima hatua ya kushikana iwepo. Miaka kumi baadaye, 1923, Hartridge na Roughton wakaja na mbinu ya kuchanganya vimiminika viwili ghafla ndani ya bomba na kupima papo hapo, na vifaa vilivyotokana na wazo hilo leo vinaanza kusoma ndani ya milisekunde moja tu baada ya kuchanganya, kwahiyo hatua zinazofuatana unaweza kuziona zikipanda na kushuka moja baada ya nyingine.

Alama ya pili, na hapa naomba nitulie kidogo, ni isotopu, yaani atomu za elementi ile ile zenye uzito tofauti. Chukua haidrojeni unayodhani inang'olewa kwenye kaboni, weka dyuteri, yaani haidrojeni nzito, mahali pake. Kemia ni ile ile, chaji ni zile zile, kilichobadilika ni uzito tu ambao umekuwa mara mbili, ila bondi ya kaboni na dyuteri inadai nishati zaidi kidogo kuvunjika. Kama kuvunja bondi hiyo ndo hatua inayochelewesha kila kitu, mmenyuko mzima utapungua kasi, unaweza kufika hata mara 7 kwenye joto la kawaida. Kama kasi haijabadilika, basi bondi hiyo haivunjiki kwenye hatua ya polepole, na njia zote ulizoandika zinazosema inavunjika pale unazifuta kwa kalamu nyekundu. Swali moja, badiliko la atomu moja, jibu linalofuta nusu ya karatasi. Mi sijui kipimo kizuri kuliko hiki kwenye kemia yote. Na wakati mwingine namba zinatoka za ajabu: mwaka 1989 kundi la Judith Klinman kule Berkeley lilionyesha kwa kutumia isotopu kwamba kwenye enzaimu ya hamira inayochakata alkoholi, haidrojeni haipandi kizingiti chote, sehemu ya safari inapenya katikati yake, jambo ambalo fizikia ya kwanta inaliruhusu kwa chembe nyepesi.

Alama ya tatu ni kubadilisha enzaimu yenyewe. Siku hizi unaweza kuandika upya jeni na kutoa asidi amino moja, yaani kiungo kimoja cha mnyororo wa protini, ukaweka nyingine. Ukishuku kwamba asidi amino fulani ndo inatoa protoni, weka mahali pake nyingine isiyo na protoni ya kutoa, alafu pima.

Sasa nikupe kisa kimoja ambacho vyote hivi vinakutana, na ukikielewa hiki umeelewa kazi yetu. Laisozaimu iligunduliwa na Alexander Fleming, yule yule wa penisilini, mwanzoni mwa miaka ya 1920. Ipo kwenye machozi, mate, makamasi, na ute wa yai, na kazi yake ni kukata ukuta wa sukari unaozunguka bakteria. Mwaka 1965 David Phillips na wenzake London wakachapisha umbo lake lote kwa kutumia eksirei kwenye fuwele, ikawa enzaimu ya kwanza kabisa duniani kuonekana hivyo, asidi amino zote 129 zikiwa mahali pake. Ina ufa mrefu ambamo mnyororo wa sukari unalala, na pembeni mwa ufa kuna asidi amino mbili zinazotazamana: glutamati namba 35 na aspateti namba 52, namba zikiwa ni nafasi zao kwenye mnyororo.

Glutamati inatoa protoni kwa oksijeni inayounganisha sukari mbili, bondi inakatika, sukari ya upande mmoja inaondoka. Hapo hakuna ubishi mkubwa. Ubishi ni kuhusu anayebaki, kwasababu sukari inayobaki inaachwa na chaji chanya. Je inakaa hivyo hivyo ikisubiri maji, huku aspateti yenye chaji hasi ikiituliza kwa ukaribu tu bila kuigusa? Au aspateti inaikamata kabisa kwa bondi ya kovalenti, yaani bondi kamili ya kugawana elektroni? Phillips alipendekeza la kwanza, na kwakuwa ndo aliyekuwa na picha, vitabu vya chuo vikaandika hivyo zaidi ya miaka 30.

Lakini tangu 1953, kabla hata picha haijapatikana, Daniel Koshland wa Marekani alikuwa ameshatoa hoja ya umbo tu. Enzaimu za aina hii, bondi inayokatwa inatazama upande fulani wa sukari na bondi mpya inakuja kutazama upande ule ule. Kila kitu kinapoishambulia kaboni kutoka nyuma, kaboni inageuka. Ukiona haijageuka, maelezo rahisi ni kwamba imegeuzwa mara mbili: kwanza enzaimu yenyewe inashambulia na kushika, kisha maji yanashambulia kutoka upande wa pili na kuitoa enzaimu. Kama ndivyo, lazima kuwe na kipindi ambapo sukari na enzaimu ni kitu kimoja kwa bondi kamili.

Mbona hakuna aliyekiona kipindi hicho? Kwasababu hatua ya pili ni ya haraka kuliko ya kwanza, kinachotengenezwa kinamalizwa hapo hapo, hakijikusanyi. Basi kundi la Stephen Withers kule Vancouver, wakishirikiana na wenzao wa York Uingereza, wakafanya kitu ambacho mi nakiona ni uhodari wa hali ya juu. Waliweka florini kwenye sukari jirani kabisa na ile kaboni. Florini inavuta elektroni kwahiyo chaji chanya inapata taabu kujitokeza, na hatua zote mbili zinapunguzwa kasi. Alafu kwenye sehemu inayoondoka wakaweka florini nyingine, ambayo inaondoka kirahisi, ili hatua ya kwanza irudishiwe kasi yake. Alafu glutamati 35, ambayo kwenye hatua ya pili ndo inayoyaandaa maji kushambulia, wakaibadilisha iwe glutamini ili maji yakose msaidizi. Mlango wa kuingia upo wazi, wa kutokea umefungwa. Wakapima uzito wa protini, ukawa umeongezeka kwa kiasi cha kipande cha sukari. Wakapiga eksirei, wakaona bondi kati ya sukari na aspateti 52. Ilichapishwa mwaka 2001.

Mtu anaweza kuuliza, sasa florini si umeibadilisha molekuli, utajuaje sukari ya kawaida nayo inafanya hivyo? Ni pingamizi halali na ndo maana kazi ile haikusimama peke yake, iliungana na hoja ya umbo na enzaimu nyingi za ukoo huo zilizokwisha kuonyesha tabia hiyo hiyo. Kwa maoni yangu kesi ile imekwisha, na somo lake ni zito: Phillips alikuwa na picha sahihi, kila atomu mahali pake, lakini picha ya enzaimu iliyotulia haikwambii inafanya nini ikiwa kazini.

SWALI: Je, enzaimu inaweza kulazimisha mmenyuko ambao kwa kawaida usingeweza kutokea kabisa?

JIBU: Haiwezi. Enzaimu inabadilisha muda wa kufika, mahali pa kufika habadilishi mtu. Inaharakisha kwenda na kurudi kwa uwiano ule ule, kwahiyo msawazo, yaani uwiano wa vitu mmenyuko ukishatulia, unabaki pale pale. Seli ikitaka kusukuma mmenyuko usiotaka kwenda, inaufunga pamoja na mwingine unaotaka sana kwenda, mara nyingi ule wa kuvunja ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli, na enzaimu inakuwa ndo mahali pa kuifungia mimenyuko hiyo miwili pamoja.

SWALI: Mimi ni nesi. Naomba ufafanuzi, kwanini aspirini kidogo tu inazuia damu kuganda kwa siku kadhaa wakati dawa yenyewe inaisha mwilini ndani ya saa chache? Na je penisilini nayo ni habari ya enzaimu?

JIBU: Asante dada, umeweka maswali mawili ambayo kwangu ni swali moja, maana yote yanahusu asidi amino iitwayo serini na nini kinatokea ikishashikwa.

Aspirini inaiendea enzaimu inayoanzisha utengenezaji wa prostaglandini na jamaa zake, zikiwemo kemikali ambazo chembe sahani zinatumia kugandisha damu, na tofauti na dawa nyingi za kundi lake haikai tu mlangoni na kuondoka. Inakata kipande chake cha asetili na kukibandika kwenye serini iliyo ndani ya njia ya kuingilia, kwa bondi ya kovalenti, na njia inazibwa. Ibuprofeni inaziba pia ila inaachia. Sasa enzaimu iliyobandikwa asetili haifufuki, seli lazima itengeneze mpya, na seli nyingi zinaweza. Chembe sahani za damu haziwezi kwasababu hazina kiini, kwahiyo chembe iliyokutana na aspirini inabaki hivyo mpaka mwisho wa maisha yake, yaani siku 7 mpaka 10 hivi. Dawa imeshaondoka zamani, alama yake imebaki.

Penisilini ndo inanisisimua zaidi. Bakteria ana enzaimu inayofunga mafundo ya ukuta wake, inatumia serini kushika kipande kimoja cha ukuta kisha kukihamishia kwenye kipande kingine. Penisilini ina pete ya pembe nne iliyobanwa, na serini ikiishambulia pete inafunguka na serini inabaki imebeba mzigo usioshuka. Ukuta haufungwi, bakteria anakufa. Alafu angalia usugu unavyokuja. Bakteria sugu wengi wana enzaimu nyingine, beta-laktamesi, na aina zake zilizoenea sana nazo zinatumia serini, nazo zinaishambulia pete ile ile, nazo zinabeba mzigo ule ule! Hatua ya kwanza ni kitu kimoja. Tofauti ni kwamba beta-laktamesi imeweka molekuli moja ya maji mahali pazuri na asidi amino ya kuiandaa, maji yanashambulia, mzigo unashuka, serini iko huru kupokea penisilini nyingine. Mgonjwa anapona au haponi kutegemea kama maji yanafika kwenye bondi moja au hayafiki. Na ndo maana kuna vidonge vinavyochanganya amoksilini na asidi ya klavulaniki: hiyo klavulaniki inaingia kwenye beta-laktamesi kwa njia ile ile, ila ikishashikwa inajigeuza kwa namna ambayo maji hayaishushi kirahisi, na amoksilini inapata nafasi ya kufanya kazi yake.

Watu wakiniuliza faida ya kujua hatua ya pili ya mmenyuko inatokea vipi, jibu langu huwa ni hilo.

SWALI: Kuna vinywaji vinauzwa vinasemwa vina enzaimu za kuurudisha ujana. Vinafanya kazi?

JIBU: Enzaimu ni protini, na protini ukiimeza tumbo linaikata vipande kama protini nyingine yoyote, haifiki kwenye seli za ngozi yako ikiwa nzima. Enzaimu za kumeza zinazosaidia kweli ni zile ambazo kazi yake iko ndani ya utumbo wenyewe, kwa mfano za kongosho kwa mtu ambaye kongosho lake halizitoi za kutosha, na hizo zinafungwa kwenye vidonge vinavyozikinga na asidi ya tumbo. Hela yako itunze.

SWALI: Umesema enzaimu ni protini. Rafiki yangu anabisha anasema sio zote. Nani mkweli?

JIBU: Rafiki yako, na historia ya jambo hili ni ndefu kidogo. Mwanzoni wakubwa wa kemia walibisha hata kwamba enzaimu ni protini, walidhani protini ni uchafu uliobebana nayo tu. James Sumner, Mmarekani aliyepoteza mkono akiwa kijana na bado akachagua kazi ya maabara, alitoa fuwele za yureasi, enzaimu inayovunja yurea, kutoka kwenye maharage mwaka 1926 na kusema hii hapa ni protini, na miaka ilipita kabla hajakubaliwa. Alipata Nobeli 1946. Alafu kila mtu alipokwishazoea kusema "enzaimu zote ni protini", miaka ya 1980 Thomas Cech na Sidney Altman wakaonyesha kwamba RNA nayo inaweza kuchochea mmenyuko, Nobeli 1989. Na umbo la ribosomu, kiwanda cha protini ndani ya seli, lilipopatikana mwaka 2000, mahali panapounganishwa asidi amino kutengeneza protini palikutwa pamezungukwa na RNA. Yaani protini zote za mwilini mwako zimeunganishwa na kichocheo ambacho sio protini.

SWALI: Dokta, nimemaliza chuo mwaka jana na nataka kuingia kwenye utafiti wa mekanizimu za enzaimu, ila wenzangu wananiambia nimechelewa, kompyuta na akili unde zimeshamaliza kila kitu. Nifanyeje?

JIBU: Hujachelewa hata kidogo, na nakuomba usiwasikilize.

Kompyuta zimefanya makubwa, sitaki kupunguza. Arieh Warshel na Michael Levitt walianza kuhesabu mmenyuko ndani ya enzaimu mwaka 1976, na enzaimu waliyoichagua ilikuwa laisozaimu hiyo hiyo, wakaja kupata Nobeli 2013 pamoja na Martin Karplus. Mwaka 2024 Nobeli ya kemia ilienda kwa David Baker kwa kubuni protini mpya, na kwa Demis Hassabis na John Jumper kwa programu inayotabiri umbo la protini. Na Frances Arnold, Nobeli 2018, alionyesha kwamba unaweza kuboresha enzaimu kwa kuzibadilisha bila mpango maalumu, kuchagua zilizo bora na kurudia, hata kama hujui kwanini zimekuwa bora.

Lakini soma tena kisa cha laisozaimu hapo juu. Umbo lilijulikana 1965, mekanizimu ikaja kukaa sawa 2001. Programu inakupa umbo kwa dakika chache, haikupi mpangilio wa matukio. Na kuna jambo moja la msingi ambalo watu wanalisahau: mekanizimu nyingi za enzaimu ni habari za protoni kuhama, na eksirei kwa kawaida haioni protoni, kwasababu eksirei inatawanywa na elektroni na haidrojeni ina moja tu. Unaona oksijeni, unaona naitrojeni, ila kati yake nani ameshika protoni unakisia. Miali ya nutroni inaweza kuionyesha, ila inahitaji fuwele kubwa kuliko za eksirei na mashine ambazo ziko sehemu chache duniani.

Kwahiyo ushauri wangu ni wa kawaida kabisa. Imarisha kemia ogania, hasa mishale, uweze kuchora njia tatu za mmenyuko mmoja bila kufungua kitabu. Imarisha hesabu za kasi, maana ukishindwa kusoma mchoro wa kasi utaamini kila unachoambiwa. Jifunze kuhesabu kwa kompyuta ila uwe na mtu wa maabara wa kukupinga, au uwe wewe mwenyewe. Na ukipata nafasi ya kumwandikia profesa, usimwambie unapenda enzaimu, mwandikie enzaimu moja, njia mbili ambazo unadhani zinawezekana, na kipimo ambacho kingefuta mojawapo.